Mtoto asipolia: mdoli wa mafunzo unamwandaa vipi daktari wa kesho?

Mtoto akizaliwa bila kupumua, aliye mbele yake ana dakika moja tu ya kumsaidia. Wahudumu wa afya wanaiita dakika ya dhahabu. Hakuna muda wa kufungua daftari, wala wa kumpigia simu mwalimu aliyebaki chuoni.

Kwa sababu hiyo, wanafunzi wa udaktari, utabibu, uuguzi na ukunga wanafundishwa kwa kuigiza kabla ya kumgusa mgonjwa. Mdoli unakuwa mtoto. Tumbo la bandia linakuwa mama. Maji mekundu yanakuwa damu.

Msikilizaji unaweza kujiuliza: mchezo huo wa midoli unamsaidia nini mama anayejifungua kwenye kituo cha afya kijijini? Jibu lipo, na sehemu kubwa ya ushahidi wake imetoka hapa hapa Tanzania. Yanasaidia, ila kwa sharti moja ambalo mara nyingi linasahaulika. Makala hii inaeleza sharti hilo ni lipi na kwa nini linakuhusu wewe uliye mbali na mji.

Kwa nini jambo hili ni la sasa

Kwa miaka mingi kampeni kubwa ilikuwa kuwaambia akina mama waende kujifungulia kwenye vituo. Wamesikia. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa 81 kati ya kila uzazi 100 nchini ulifanyika kwenye kituo cha kutolea huduma za afya.

Lakini utafiti huo huo ulionyesha kuwa kati ya kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai, 24 hufariki kabla ya kutimiza mwezi mmoja. Kwa hiyo swali limebadilika. Zamani tuliuliza kama mama atafika kituoni. Sasa tunauliza: akishafika, mikono atakayoikuta inajua la kufanya?

Mara nyingi mikono hiyo ni ya kijana aliyetoka chuoni juzi. Shahada ya udaktari hapa nchini huchukua miaka mitano, kisha mwaka mmoja wa utarajali hospitalini. Tabibu na muuguzi mkunga wa ngazi ya stashahada husoma miaka mitatu. Baada ya hapo kijana hupangiwa kazi, na huenda akajikuta zamu ya usiku na mwenzake mmoja tu, au peke yake.

Mafunzo kwa kuigiza ni nini?

Ni kufanya kazi yote kama ilivyo, ila mgonjwa si mtu. Mwanafunzi anapewa mdoli wenye ukubwa na uzito wa mtoto mchanga. Mmoja unaotumika sana nchini unaitwa NeoNatalie. Hujazwa maji ya uvuguvugu ili ulegee na uwe mzito kama mtoto halisi. Mwalimu anaweza kuufanya ulie, upumue, au unyamaze kabisa. Kitovu chake kinaweza kupiga au kukoma.

Kwa upande wa mama, mkufunzi huvaa tumbo la bandia. Ndani yake kuna mtoto, kondo la nyuma na mfuko wa maji yaliyotiwa rangi nyekundu. Mkufunzi analalamika maumivu, anauliza maswali, anaogopa, halafu ghafla "anavuja damu". Mwanafunzi anatakiwa amtulize, aite msaada, asugue mji wa mimba, atoe dawa na kuweka dripu. Yote hayo huku saa inahesabu.

Kwenye vyuo vikuu vya udaktari, kama Muhimbili jijini Dar es Salaam na KCMC mjini Moshi, kuna vyumba maalumu vya mazoezi ya ujuzi. Huko wanafunzi hujifunza kuchoma sindano, kushona kidonda, kufufua moyo na kupokea mtoto. Mitihani mingine hufanyika kwa vituo: mwanafunzi anazunguka meza moja hadi nyingine, kila meza ina kazi yake na dakika zake, na msimamizi anaweka alama kwa kila hatua. Mtihani wa namna hiyo ulianzishwa na Ronald Harden huko Dundee, Scotland, miaka ya 1970, na leo umeenea duniani.

Kufundisha kwa mdoli si jambo la kizungu

Wapo wanaoona jambo hili ni la kigeni. Si kweli. Wazaramo na majirani zao wa Pwani wana mwana hiti, sanamu ndogo ya mti ambayo mwali alikabidhiwa akiwa ndani. Aliitunza kama mtoto wake, kwa sababu kesho angetunza mtoto wa kweli. Wazee walijua kuwa kuna mambo ambayo mkono huyajifunza kabla ya kichwa.

Huko Ufaransa nako, katika karne ya 18, mkunga Madame du Coudray alishona mdoli wa nguo na ngozi wenye umbo la mama na mtoto. Mwaka 1759 Mfalme Louis XV alimpa kibali cha kuzunguka nchi nzima kufundisha ukunga. Wanafunzi wake wengi walikuwa wanawake wa vijijini wasiojua kusoma. Hakuwapa vitabu kwanza. Aliwapa mdoli, wakarudia kwa mikono mpaka wakazoea.

Mwanafunzi anapitia nini?

Wanafunzi wanaopita kwenye mafunzo haya, hapa na kwingineko, hueleza mambo yanayofanana.

La kwanza ni aibu. Kuongea na mdoli mbele ya wenzako kunachekesha. Wengi huanza kwa kicheko. Kisha mwalimu anabonyeza saa, mdoli haulii, na kicheko kinakwisha. Mwanafunzi aliyepata alama za juu darasani anajikuta ameshika barakoa juu chini. Anazijua hatua zote kwa mdomo, ila vidole vinatetemeka.

La pili ni nafuu ya kukosea bila kuua. Kwenye mdoli, ukichelewa dakika mbili, mwalimu anasema: tuanze upya. Mama wa kweli hana "tuanze upya". Pia yapo matatizo ambayo hayatokei kila siku, kama mabega ya mtoto kukwama au kifafa cha mimba. Mwanafunzi anaweza kumaliza mafunzo yote wodini bila kuyaona hata mara moja. Bila mdoli, siku ya kwanza kuyaona itakuwa siku yuko peke yake.

La tatu, na hili wengi hawalitarajii, ni kujifunza kusema. Katika dharura mtu mmoja anaongoza na wengine wanarudia walichosikia. Kiongozi akisema, "Mpe oksitosin yuniti 10," mwenzake hajibu "haya" tu. Anajibu, "Oksitosin yuniti 10, nimempa." Hivyo hakuna dawa inayotolewa mara mbili, wala inayosahaulika kila mtu akidhani mwenzake ameshatoa.

Hapa kwetu jambo hilo ni zito zaidi. Tumelelewa kumwamkia mkubwa shikamoo na kutomsahihisha mbele za watu. Muuguzi kijana anaona daktari mzee amesahau hatua. Aseme au anyamaze? Kwenye mazoezi anafundishwa namna ya kusema kwa adabu na kwa sauti ya kusikika: "Dokta, mtoto bado hapumui, naomba tuanze kumpa pumzi." Akishalisema mara kumi kwenye mdoli, mara ya kumi na moja halimkwami kooni.

La nne ni mazungumzo ya baada ya zoezi. Walimu wa fani hii wanakubaliana kuwa kujifunza kwingi hutokea hapo: nini kilikwenda vizuri, nini kilichelewa, kwa nini. Mwalimu akiuliza kwa upole, mwanafunzi anajieleza na anabadilika. Mwalimu akimdhalilisha mbele ya wenzake, mwanafunzi huyo mara nyingine atajificha nyuma ya kundi, na siku ya dharura atajificha vilevile.

Somo la Haydom: kufaulu kwenye mdoli hakutoshi

Sasa tufike kwenye sharti lenyewe.

Hospitali ya Kilutheri ya Haydom iko wilayani Mbulu, mkoani Manyara. Inahudumia watu wa vijijini, wengi wao wakulima na wafugaji. Mwaka 2010 wahudumu wake walipewa mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto asiyepumua, kwa kutumia mdoli. Watafiti wakafuatilia kwa makini.

Miezi saba baadaye wahudumu walijaribiwa tena kwenye mdoli. Walifanya vizuri zaidi kuliko kabla ya mafunzo. Ungeishia hapo ungesema kazi imekwisha.

Watafiti hawakuishia hapo. Waliangalia pia kilichotokea kwenye chumba cha kujifungulia, kwa watoto wa kweli. Huko hawakuona mabadiliko ya maana. Watu walewale waliofaulu kwenye mdoli waliendelea kufanya kama zamani mbele ya mtoto. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2013.

Tuseme wazi maana yake. Mtu anaweza kuwa hodari wa mdoli bila kuwa hodari wa mtoto. Semina ya siku moja, cheti na picha ya pamoja ukumbini havimfikii mama aliye leba.

Haydom wakabadilisha utaratibu. Mdoli ukahamishwa, ukawekwa karibu na mahali watu wanapofanyia kazi. Wahudumu wakawa wanafanya mazoezi mafupi ya dakika tatu hadi tano kila wiki, na zoezi refu kidogo, kama dakika 40, kila mwezi. Waliosimamia ni wenzao wa palepale, si wageni kutoka mbali.

Wakalinganisha mwaka mmoja kabla na mwaka mmoja baada, kila mwaka ukiwa na uzazi karibu 5,000. Kabla, watoto 11.1 kati ya kila 1,000 walifariki ndani ya saa 24 za kwanza. Baada ya mazoezi ya mara kwa mara, idadi hiyo ilishuka hadi 7.2. Mdoli ulikuwa uleule. Kilichobadilika ni mara ngapi watu waliushika, na wapi.

Kwa nini dakika chache za kila wiki zizidi siku nzima ya semina? Fikiria baiskeli. Hakuna aliyejifunza baiskeli kwa kuhudhuria semina ya siku moja kuhusu baiskeli. Ujuzi wa mikono unachakaa usipotumika. Watoto wengi huanza kupumua wenyewe au kwa kukaushwa na kusuguliwa mgongo tu. Wachache ndio huhitaji mfuko wa kupumulisha, ule ambao wahudumu huuita ambu. Kwenye zahanati yenye uzazi michache kwa mwezi, mhudumu anaweza kukaa miezi bila kuushika. Kwa hiyo aliye kijijini ndiye anayehitaji mazoezi mengi kuliko wa hospitali kubwa, na mara nyingi ndiye anayeyapata kidogo.

Kuchelewa nako kuna gharama. Utafiti mwingine wa Haydom uliochapishwa mwaka 2012 ulikuta kuwa kila sekunde 30 zinazopita kabla ya kuanza kumpa pumzi mtoto asiyepumua, hatari ya kufa au kulazwa muda mrefu iliongezeka kwa asilimia 16.

Kutoka hospitali moja hadi mikoa mitano

Je, hilo linawezekana nje ya Haydom? Mpango uitwao Safer Births ulijaribu hivyo katika hospitali na vituo 30 kwenye mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, kuanzia mwaka 2021 hadi 2023. Ulihusu takriban watoto 280,000. Matokeo yalichapishwa mapema mwaka 2025 katika jarida la kitabibu la New England Journal of Medicine, Dk. Benjamin Kamala wa Haydom akiwa mwandishi wa kwanza.

Kila kituo kilipewa midoli na vifaa, kikiwemo kipimo cha mapigo ya moyo wa mtoto aliye tumboni kinachoitwa Moyo, jina lililochukuliwa kwenye lugha yetu. Mazoezi yalikuwa mafupi na ya mara kwa mara, yakiongozwa na wahudumu wa kituo chenyewe. Jambo jingine muhimu: kila kituo kiliangalia takwimu zake na kufanya mazoezi kwenye kile kilichoonekana kuwa udhaifu wake.

Vifo vya watoto waliofia tumboni mama akiwa kwenye uchungu, pamoja na waliofariki ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa, vilipungua kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila uzazi 1,000.

Tuwe waangalifu na namba hizo. Mpango ulikuwa na mambo mengi kwa pamoja: vifaa, takwimu, usimamizi na mazoezi. Hatuwezi kusema mdoli peke yake umefanya kazi yote. Pia matokeo hayakulingana. Kuna mikoa iliyopiga hatua kubwa na mingine kidogo. Mazoezi hayawezi kuziba pengo la upungufu wa watumishi, gari la wagonjwa lililoharibika au kukosekana kwa damu salama.

Kuhusu mama kuvuja damu, ushahidi unaelekea upande huohuo. Utafiti wa E-MOTIVE, uliotangazwa mwaka 2023, ulifanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania. Wahudumu walitumia shuka maalumu ya plastiki yenye alama za kupimia damu, na wakafundishwa kutoa matibabu yote kwa mkupuo badala ya kusubiri moja lishindwe ndipo wajaribu jingine. Mafunzo yalikuwa mafupi, ya kuigiza, palepale kazini. Madhara makubwa ya kuvuja damu yalipungua kwa asilimia 60.

Pengo liko wapi kwa mwanafunzi?

Sasa mrudie yule kijana wetu. Chuoni alikutana na mdoli. Kwenye darasa la watu wengi na midoli michache, huenda aliushika mara mbili au tatu, nyingine akatazama mwenzake. Akafanya mtihani, akafaulu. Kisha akapangiwa kituo cha mbali ambako hakuna mdoli, hakuna ratiba ya mazoezi, na hakuna wa kukaa naye baada ya dharura kuuliza, "Tulifanyaje?"

Kwa ushahidi wa Haydom, huyo yuko mahali palepale walipokuwa wahudumu wa mwaka 2010 baada ya semina yao. Amefaulu kwenye mdoli. Hatujui atafanya nini mbele ya mtoto. Si kwamba chuo hakikumfundisha. Ni kwamba tumechukulia mafunzo kama chanjo, ukichomwa mara moja basi, wakati yanafanana zaidi na chakula.

Suluhisho si lazima liwe ghali. Jengo la kisasa lenye midoli ya kompyuta ni zuri kwa chuo, lakini ushahidi tuliouona umejengwa juu ya mdoli wa kawaida wa kujaza maji, ambu halisi, meza, na mtu mmoja aliyepewa jukumu la kuwakumbusha wenzake kila wiki. Kinachohitajika zaidi ni uamuzi: mganga mfawidhi aweke dakika hizo kwenye ratiba, wilaya izikague kama inavyokagua daftari la dawa, na kijana mpya asianze zamu ya usiku kabla hajafanya zoezi na timu atakayofanya nayo kazi.

Vyuo navyo vina la kufanya. Mwanafunzi wa udaktari afanye mazoezi pamoja na mwanafunzi wa uuguzi, kwa sababu kazini watakuwa chumba kimoja. Wakikutana mara ya kwanza mbele ya mama anayevuja damu, watakuwa wamechelewa kufahamiana.

Wewe unaweza kuuliza nini?

Zahanati na vituo vya afya vina kamati za usimamizi zenye wawakilishi wa wananchi. Pia kuna mkutano wa kijiji. Huko unaweza kuuliza kwa heshima, bila kumtuhumu mtu:

Ambu yenye barakoa ndogo ya mtoto mchanga ipo? Inakaa wapi, karibu na kitanda cha kujifungulia au kabatini chini ya kufuli?

Wahudumu wetu walifanya mazoezi ya dharura ya uzazi lini mara ya mwisho, na yalifanyikia hapa au mjini?

Mtumishi mpya akiletwa, anafanya zoezi na wenzake kabla ya kuachwa zamu?

Na kama unajifungulia hospitali inayofundisha, una haki ya kujua ni nani anayekuhudumia na kama ni mwanafunzi. Mwanafunzi mwema atajitambulisha, ataomba ridhaa yako, na mkubwa wake atakuwa karibu.

Maswali hayo hayahitaji elimu ya udaktari. Mwenyekiti wa kamati anaweza kuyapata majibu asubuhi moja, kwa kuingia chumba cha kujifungulia na kuomba aonyeshwe ambu ilipo.